Sivai

Asubuhi ya kutetea kazi yake ya mwisho wa masomo, Séphora alikuta tai ya shingoni juu ya meza. Kando yake alisimama Profesa Antoine, mkuu wa jury ya watahini, mtu ambaye hata jasho lake hutoka kwa mpangilio.

"Vaa hii," alisema. "Hata na ile robe yako ya kike, utatosha. Dossier yako inasema garçon, mwanaume. Bila tai hakuna défense ya kazi yako, na bila défense hakuna diplôme."

Ukumbi ulikuwa umeshajaa. Wachache walikuja kusikiliza; wengi, tusidanganyane, walikuja kutazama. Chuo kizima kilijua kwamba Séphora alizaliwa akaitwa mvulana, akapewa jina la Kamate, na kwamba yeye tangu utotoni alijijua ni msichana. Mama yake, Mbambu, muuza vitenge sokoni, aligombana na Mungu na majirani kwa muda mrefu kabla ya kukubali. Alipokubali, alikubali moja kwa moja: ukimwita Mama Kamate, hageuki. Leo alikaa mstari wa mbele, akimkazia profesa macho.

Séphora aliitazama ile tai. Kuivaa ilikuwa kazi ya saa moja tu, kisha diploma mkononi, basi. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi, kwamba kwao lilikuwa jambo dogo kiasi hicho.

"Sivai, Professeur," alisema. "Lakini règlement, kanuni ya chuo, inasema jury inapima kazi mbele ya kuikatala. Pima kwanza. Kisha utanifukuza."

Dorothée, katibu wa jury, aliinama kuficha tabasamu. "Ni kweli, Prof. Inasema vile."

Kazi yenyewe ilikuwa kaske ya uhalisia pepe. Unaifunga machoni, na papo hapo umo mahali pengine, ukigeuza kichwa unaona upande wa pili. Séphora aliitengeneza ili walimu na wanafunzi waonje maisha ya watu kama yeye pale chuoni.

Profesa akaivaa kwa uso wa mtu anayeonja sombe ya jirani asiyemwamini. Alichokiona yeye, ukumbi mzima ulikiona kwenye skrini ukutani: mlango wa ukumbi huu huu, na mlinzi amesimama hapo. Mlinzi akamuuliza, mwanaume au mwanamke? Profesa akabonyeza kitufe cha mwanaume.

"Karibu, mademoiselle, karibu binti," mlinzi akasema, akamnyooshea kitenge. "Funga hii, utaingia." Nyuma yake wanafunzi wa ndani ya mashine wakacheka.

Profesa akabonyeza tena. Jibu likawa lile lile: mademoiselle. Akabonyeza kwa nguvu, na kitenge hakikuondoka mbele ya macho yake.

"Miye niko mwanaume," alisema, kwanza polepole. Kisha akasahau yuko wapi. Akasimama, akaisukuma hewa kwa mikono miwili. "Sifungi hiyo. Hakuna mutu wa kuniambia vile niko. Miye najijua."

Kuna aliyecheka, kicheko kikakosa mwenzake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na siku hiyo uchungu ulionekana ukutani kwa rangi.

Profesa alivua kaske. "Hii ni jeu tu, muchezo," alisema.

"Njo vile, ni jeu, Professeur. Kwa weye imeisha." Sauti ya Séphora ilitetemeka, naye akaiacha itetemeke. "Miye kesho nitaamukia mule mule. Nilikuja kutetea kazi. Kama unakatala, katala mbele ya hawa batu, lakini ju ya kazi. Haiko ju ya shingo yangu."

Profesa hakuomba radhi. Si mtu wa namna hiyo, nami sitamsingizia wema. Alikaa, akafungua maandishi ya kazi, akaupita haraka ukurasa wa kwanza ulioandikwa jina la Séphora kwa herufi kubwa.

"Swali ya kwanza," alisema, na Dorothée akashika kalamu, maana défense ilikuwa imefunguliwa. "Mule ndani muko njia mbili tu: kufunga kitenge, ao kurudia nyumbani. Programme muzuri inakuwaka na njia ya tatu. Kwa nini hukuiweka?"

"Niliiweka, Professeur. Haiko mu mikono ya ule mwenye anataka kuingia. Iko mu mikono ya ule wa ku mulango. Afungue tu."