Ubao wa Wendell

Kwa miaka kumi na miwili Wendell Hoekstra, mwenye duka la chambo karibu na daraja, alipima maji ya mto kila asubuhi ya majira ya baridi, kisha akaandika uongo kwenye ubao wa nje. Siku ambayo samaki aina ya trauti walikuwa wakila chambo vizuri, aliandika: "Nyuzi sifuri. Barafu tupu. Bakini nyumbani." Duka alimwachia mama yake, akaenda kuvua peke yake.

Wateja walikuja kumshtukia. Ubao ukitangaza balaa, wao walikimbilia mtoni.

Jumamosi moja kipimajoto kilisoma sifuri kweli, na barafu ilikuwa ikiteremka mtoni kama uji mzito. Wendell aliandika alichokiona. Kufikia saa mbili asubuhi, magari kumi na moja yalikuwa yameegeshwa darajani.

"Leo samaki watakula mpaka ndoana," alisema Murdo Baird akilipia minyoo.

"Murdo, leo ni kweli. Naapa kwa kaburi la mama."

"Hata mwaka jana uliapa hivyo hivyo, na mama yako ndiye aliyenipa chenji."

Bibi kizee akampa chenji tena.

Saa sita walirudi midomo ikiwa ya buluu, mishipi imegandia kwenye fimbo, samaki hata mmoja hakuna. Wendell alikuwa na kicheko tayari, lakini Murdo hakumpa nafasi.

"Huna haya wewe," alisema akitetemeka. "Watu tunapanga wikendi nzima kwa uongo wako, halafu unaamka tu unaandika ukweli."