Tanuri la Sindre

Ikifika saa kumi alasiri, maabara ya vyuma pale Trondheim huwa tupu kama kanisa siku ya Jumatatu. Wanorwei hawana mchezo na saa ya kwenda nyumbani. Hubaki Golnar Sohrabi, mwanafunzi wa kigeni kutoka Shiraz, pamoja na tanuri linalopoa polepole.

Ndiyo maana Eivind, ofisa usalama wa chuo, alimwita Golnar ofisini kwa Torunn, msimamizi wa utafiti wake, saa ile ya mchana watu wanapofungua mikate yao ya jibini.

"Sheria mpya inatutaka tutoe taarifa ya wanafunzi wa kigeni wenye mwenendo usio wa kawaida," alisema Eivind bila kumtazama Golnar. "Kadi yake ya mlangoni inaonyesha hubaki peke yake kila siku. Torunn, nahitaji saini yako tu."

Golnar alijua saini hiyo huleta nini. Mwenzake wa nchi moja, kutoka Tabriz, alitolewa taarifa kama hiyo. Kibali cha kuishi kikafutwa, shahada ikaishia njiani.

"Niulize mimi," alisema. "Si nipo hapa?"

"Utaulizwa baadaye na wahusika."

"Baadaye nikiwa wapi? Uwanja wa ndege?"

Torunn alikohoa, akificha kicheko. "Muulize, Eivind."

"Haya. Ukibaki unafanya nini?"

"Nazima tanuri, nangoja lipoe."

"La utafiti wako?"

"La Sindre."

Torunn alifungua mlango, akaita. Sindre, mwanafunzi mwenzake Golnar, aliingia anatafuna.

"Nani huzima tanuri lako?"

"Si Golnar? Saa kumi mimi huwa naelekea mlimani, bosi. Theluji ya mwaka huu si ya kuacha." Akaona sura ya Eivind, akameza tonge. "Yeye huwa hana shida."

"Mlinipokea mkaniambia huku watu husaidiana," Golnar alisema. "Kumbe mgeni akisaidia ni jasusi."

"Sheria sikuitunga mimi," Eivind alinung'unika. "Lazima niandike kitu."

"Andika kwamba nimekataa," Torunn akamwambia. "Na usiandike kwamba nilisita."

"Wakubwa wa chuo watakuvua usimamizi."

"Wanivue, wabaki na vikao vyao."

Eivind alikusanya vitu vyake. "Nitaipeleka taarifa hata bila saini. Kadi haisemi uongo."

"Basi kuanzia leo itasema mengine," Golnar akajibu.

Saa kumi ilipofika alivaa koti. Sindre, mbao zake za kutelezea theluji begani, alimkuta mlangoni.

"Unakwenda wapi? Tanuri bado jekundu."

"Nyumbani. Mwenendo wa kawaida."

"Acha utani, bwana. Lazima mtu akae mpaka lipoe."

"Najua. Nimekaa nalo tangu theluji ianze."

Sindre aliutazama mlima dirishani, akalitazama tanuri. Akashusha mbao zake, akaziegemeza ukutani.

"Na Eivind akiniuliza habari zako?"

"Usingoje akuulize. Mfuate wewe, umwambie nani alikuwa anazima tanuri la nani. Kwa jina lako."

Kijana alikuna shingo. "Nitamwambia kesho asubuhi."

"Leo. Mwandikie; una jioni nzima."

Sindre akavuta kiti karibu na tanuri, akafungua kompyuta.

Nje, Eivind alikuwa anakimbilia chekechea kumchukua mwanawe. Golnar akakutana naye njiani, mikono mfukoni.

"Kesho asubuhi nipo maabara," alimwambia. "Na keshokutwa. Utafiti wangu haujaisha, na mimi sijaondoka."