Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Mbele

Lornah alipomwambia mama yake kwamba Byron anafanya kazi ya kuongea mbele ya watu, Mama Jentrix alimshukuru Mungu, akajua ni wakili. Hakuuliza zaidi. Miaka minne alikuwa amepiga magoti akiomba mkwe mwenye kazi ya kuvaa koti, na siku kijana alipokuja nyumbani Otonglo kujitambulisha, alikuwa amevaa koti.

Aliyemfumbua macho ni Swaumu, jirani yake wa sokoni, anayeuza viungo na mandazi karibu na meza yake ya omena, dagaa wa ziwani. Ilikuwa Jumanne, wateja wamepungua, Swaumu akaja na simu mkononi huku akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Mama Lornah, hebu ona huyu kijana. Nimecheka mpaka mbavu zinauma."

Kwenye simu alikuwa Byron. Koti ni lile lile. Alikuwa jukwaani, mbele yake meza ndogo, na juu ya meza sahani ya ugali na samaki ngege mzima wa kukaanga. Anamega, anakula, anatoa mwiba, anaongea, na watu wanaanguka kwenye viti.

"Nilienda kwa kina msichana," Byron alisema, "wakaniwekea samaki. Sasa nyinyi mnajua mila. Mimi na mama mkwe hatuwezi kuonana nikila. Yeye yuko jikoni, mimi niko sebuleni, katikati kuna ukuta. Lakini sala ni lazima! Basi akaomba kutoka jikoni, kupitia ukutani. Akaombea chakula. Akaombea mikono iliyopika. Akaombea wavuvi wa Dunga, mmoja mmoja kwa majina. Akaombea serikali! Mimi nimefunga macho, samaki ananiangalia. Dakika arobaini! Nikafungua jicho moja, nikakuta samaki naye amefunga macho."

Swaumu alicheka upya, peke yake. Ndipo akaona mwenzake hacheki.

"Kwani unamjua?"

"Huyo ndiye anataka kumwoa Lornah."

"Subhanallah," Swaumu akasema, akaifunika simu kwa kiganja kana kwamba maneno yangeendelea kumwagika.

Mama Jentrix alirudi kwenye omena yake, akazichambua ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kijana hakusema uongo mwingi. Dakika hazikuwa arobaini, hazikuzidi ishirini na tano. Na serikali hakuiombea. Aliombea kaunti tu.

Alhamisi, kwenye maombi ya akina mama kanisani, alipoinua mikono kuanza alisikia mtu nyuma akikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Mwingine akakijibu. Mama Jentrix alisema sentensi mbili, akasema Amina, akaketi. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea tangu kanisa lijengwe. Jioni hiyo akamwita Lornah kutoka saluni yake Kondele.

"Mama, nilikuambia ni kazi ya kuongea."

"Wakili pia anaongea."

"Wakili ulisema wewe. Mimi nilinyamaza tu."

"Ulinyamaza! Nikawaambia akina mama wote wakili, na wewe umenyamaza tu. Sasa sikiliza. Jumamosi ya wiki ijayo wazee wao wanakuja kuuliza kama tumekubali. Baba yako hayupo. Mzee Odongo, ndugu yake, ameniambia wazi, shemeji, nitasema kile utakachonituma niseme. Sasa nimtume nini? Kwamba nimekubali binti yangu aolewe na mtu anayekula samaki akinicheka? Leo ni mimi. Kesho ni wewe na watoto wako."

"Byron anakuheshimu, mama. Sana."

"Heshima gani hiyo ya kukatiwa tikiti?"

Lornah akauma mdomo. "Angalau usimhukumu kwa simu ya Swaumu."

"Sitamhukumu kwa simu. Ana shoo lini?"

"Keshokutwa, Milimani... Mama! Huwezi kuja. Atakuwa anakula!"

"Nitakaa nyuma kabisa. Hataniona. Nikiona heshima, wazee waje. Nisipoiona, wakae kwao, na wewe utanisamehe."

Lornah alimjua mama yake. Hakubishana tena, wala hakumwambia Byron, kwa sababu aliogopa kijana angeamka na homa asiende kabisa.

Jumamosi saa tisa alasiri Mama Jentrix na Swaumu waliingia ukumbini. Kitambaa cheupe cha kanisa alikiacha nyumbani; alijitanda mtandio wa Swaumu mpaka kwenye nyusi. Wakachagua viti vya mwisho, karibu na mlango. Hawajatulia vizuri, akaja mkaribishaji, bwana mnene mwenye tai, jina lake Khaemba limebandikwa kifuani.

"Mama zangu, hapa hamtasikia kitu. Wazee tunawaweka mbele."

"Hapa panatutosha, baba."

"Haiwezekani. Mama yangu akisikia niliacha watu wa rika lake mlangoni, atanikataa." Akauchukua mkoba wa Mama Jentrix kutoka mapajani kwake, kwa heshima zote, akaenda nao. Na ndani ya mkoba kulikuwa na funguo za nyumba, kitambulisho na Biblia. Angefanya nini? Aliufuata.

Mkoba ulisimama safu ya kwanza, katikati. Hapo mtu alisikia harufu ya ngege aliyekuwa akimngoja Byron mezani.

Byron akaingia. Makofi. Alinawa mikono, akaketi, akamega tonge, akalibonyeza, akachota samaki. "Mama mkwe wangu," alianza, na watu wakacheka kabla hata hajasema neno la pili. Tonge lilikuwa limefika kidevuni alipomwona.

Mkono ukasimama hewani. Mama Jentrix akainama, akavuta mtandio, lakini mtandio haumfichi mtu aliye hatua nne kutoka kwako. Byron alirudisha tonge kwenye sahani polepole. Akavua koti. Akamfunika samaki.

Watu wakacheka sana. Walidhani ndiyo komedi yenyewe.

"Leo sili," Byron alisema.

"Kwa nini?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Nimefunga."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Hicho kilikuwa kicheko cha mwisho kwa muda mrefu. Alijaribu kisa cha kinyozi, kikafa. Akajaribu cha mwanamume aliyetumwa kununua nyanya, nacho kikafa, tena vibaya. "Kula samaki, bana!" wakapiga kelele. "Sisi tumekuja kuona samaki!" Wakaanza kugonga viti: sa-ma-ki, sa-ma-ki. Mwenye ukumbi alitokea pembeni ya jukwaa akimwonyesha kwa vidole: mdomoni, peleka mdomoni. Jasho lilikuwa linamtiririka Byron shingoni. Safu ya tatu watu wawili walisimama kuondoka.

Mama Jentrix alitazama yote hayo bila kupepesa. Tonge moja tu lingemwokoa kijana. Pale hapakuwa na mzee wa ukoo wala mchungaji wa kumwuliza. Palikuwa na yeye peke yake, mwanamke aliyejifunika mtandio wa mtu, ambaye ingekuwa rahisi kujifanya hakumtambua. Na bado lile koti lilikaa juu ya samaki. Basi heshima aliyokuja kuitafuta ndiyo hiyo, na ilikuwa inamwua kijana mwenyewe mbele ya macho yake.

"Tutoke?" Swaumu akanong'ona. "Tukitoka atakula."

"Tukitoka sasa watasema hata wazee wamemchoka."

Akasimama. Akakishika kiti chake kwa mikono miwili, akakigeuza, akakaa tena, mgongo kwa jukwaa na uso kwa watu.

"Kula, mwanangu," alisema, kwa sauti yake ya maombi isiyohitaji maikrofoni. "Mimi sioni kitu."

Byron akasema, "Mabibi na mabwana. Huyo ndiye."

Aii, yawa! Watu walipiga mayowe. Walioanza kuondoka wakarudi mbio. Byron akafunua samaki, akala kama mtu aliyefunga kweli, akaanza kisa upya: jikoni, ukuta, wavuvi wa Dunga.

Sasa shida ilikuwa ya Mama Jentrix. Uso wake ulikuwa mbele ya watu mia tatu, nao walikuwa wanamtazama yeye kuliko jukwaa. Aliukaza. Alimfikiria Ayubu na majipu yake. Alifikiria mazishi, kwa mpangilio, kuanzia ya mwaka uliopita kurudi nyuma. Lakini kijana alipoiga jinsi alivyosema "na yule Owiti wa mtumbwi wa bluu, Bwana, unamjua," mdomo wake ukamsaliti upande mmoja. Watu wakalipuka.

"Nyinyi mnacheka nini?" Byron akauliza, yeye akiona mgongo tu wa mama mkwe. "Bado sijafika penye kicheko!"

Mabega ya Mama Jentrix yakaanza kutikisika. Akajaza ncha ya mtandio mdomoni.

"Dakika arobaini!" Byron alisema.

Mtandio ukatoka. "Ishirini na tano!" Mama Jentrix alijibu bila kugeuka.

"Akaombea na serikali!"

"Kaunti! Niliombea kaunti tu!"

"Mmesikia? Kaunti tu!"

Na hapo kikamtoka kicheko ambacho Swaumu, kwa miaka tisa ya kuuza naye meza kwa meza, hakuwahi kukisikia. Kilikuwa kinene na kilikuja kwa mafungu. Alicheka mpaka Swaumu akamshika asianguke na kiti.

Shoo ilipokwisha, walikutana nje penye magari. Kukutana ni kusema tu: Byron na Lornah, aliyekuwa nyuma ya jukwaa, walisimama upande ule wa gari, Mama Jentrix upande huu, akiangalia ua wa nyumba ya jirani, na Swaumu katikati kama balozi.

"Mwambie mama nimeshukuru," Byron alisema, mikono nyuma.

"Anasema ameshukuru."

"Nimemsikia. Mwambie wazee wake tunawangoja Jumamosi. Saa nne asubuhi, na saa nne ni saa nne."

Lornah akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Tena mwambie," Mama Jentrix akaendelea, "siku hiyo wanaoongea ni wazee. Yeye atakaa kimya, tangu waingie mpaka watoke."

Swaumu akaufikisha ujumbe. Byron akakunja uso.

"Mama Swaumu, hebu mwulize. Siku nzima?"

"Anauliza siku nzima."

"Siku nzima. Hata Mzee Odongo akisema jambo la kuchekesha, na atasema, yeye aangalie chini."

Byron akafungua mdomo. Lornah akamtazama. Akaufunga, akainamisha kichwa, akaanza mazoezi pale pale.