Shangazi Haulizwi

Shangazi haulizwi. Ukimgusia habari za ukoo anakutazama juu mpaka chini, anakwambia, "Upolisi umeanza lini?" kisha anatafuta viatu vyake.

Sasa binti wa kaka yake, msusi mwenye mimba ya kwanza, alikuwa na shida. Nesi wa kliniki alimwuliza upande wa baba kuna ugonjwa gani. Msusi hakumjua baba yake hata kwa sura. Watoto wa jirani walimwimbia tangu zamani kwamba mzee alimwona kazaliwa, akatimua mbio. Mama yake akitajiwa habari hizo alikuwa akilia tu, na sasa ni marehemu.

Siku shangazi alipokuja kusukwa, msusi akakumbuka udhaifu wake mmoja: swali atalikataa, lakini kosa halivumilii. Akangoja nusu ya kichwa iishe, maana hakuna mwanamke atakayetoka barabarani nusu nyingine imetimka.

"Nasikia babu alikuwa mfupi," akachokoza.

"Mfupi! Babu yako alikuwa akiinama kila mlango!"

"Na mvivu."

"Koma! Mwashi yule, mvivu alijengaje nusu ya mtaa?"

Basi shangazi akafunguka kama bomba. Ikafuata habari ya bibi, mkunga aliyewatukana wazazi mpaka wakajifungua, na msusi akacheka hadi chanuo likamponyoka. Kisha, bila kupanga, akasema, "Na baba aliniona tu, akakimbia."

Hicho hakikuwa chambo. Ndivyo alivyoamini maisha yake yote.

Shangazi aligeuka na kichwa chake chote. "Akimbie? Kaka yangu? Alikuwa seremala. Mama yako hakutaka akushike na vumbi la mbao, basi akitoka kazini anaoga kabla hata ya kunywa maji, ili akubebe. Kifua kilimpeleka hospitali, akafia huko. Siku ya kwenda hospitali ilibidi tukutoe mikononi mwake."

Msusi akashika kiti. Machozi yalimtoka, na moyoni akashukuru mno, akaushukuru hata ule mdomo ambao ukoo mzima unauogopa.

"Asante, shangazi."

"Asante ya nini?" Shangazi akarudisha kichwa mbele, taratibu. "Unadhani sikukushtukia tangu ule ufupi wa babu? Haya, mwanangu. Kosea tena."