Pikipiki ya Mtahiniwa

Mama yangu, Monique, muuza vitenge sokoni, aliamua kwamba mtahiniwa hakimbii. Miaka yote nilikuwa nikienda shule mbio, kutoka mtaani kwetu Namuwongo, kando ya reli, na kwenye hesabu hakuna aliyenigusa. Ulipofika mwaka wa mtihani wa taifa, akamkodi jirani yetu Mushagalusa, mwenye bodaboda, anifikishe getini kila asubuhi.

"Miguu ipumzike, Exaucée, kichwa ifanye kazi," alisema. "Nguvu haiwezi enda pande mbili."

Basi nikawa napelekwa kama gunia la mihogo. Nilifika na usingizi wangu wote, na kipindi cha kwanza, ambacho ndicho cha hesabu, kilinipita nikipiga miayo. Jaribio la kwanza nikafeli. Mama akanikataza na netiboli pia, eti bado najichosha. Nilimchukia Mushagalusa wa watu bure.

Mwalimu mkuu akatangaza kwamba atakayefeli jaribio la pili atarudia mwaka. Geti hufungwa saa mbili, na likishafungwa, hata mzazi alie machozi halifunguliwi.

Asubuhi ya jaribio hilo Mama hakuniamini kwamba sitashuka njiani nikakimbia. Alipanda nyuma yangu, tukabanana watatu. Kwenye kivuko cha reli tukakuta treni ya mizigo imesimama, imeziba barabara. Malori, bodaboda, wachuuzi, wote wamekwama. Mushagalusa akazima injini.

"Itaondoka tu," alisema.

Haikuondoka. Kwenye saa ya Mama mshale mkubwa ulikuwa unakaribia juu. Watu wawili wakapenya chini ya behewa, na Mama akanikamata mkono hadi kucha zikaniuma. Nilijiona mwaka mwingine mzima nimekaa darasa moja na watoto wadogo kuliko mimi.

"Mama, niache nizunguke."

"Mpaka kule mwisho? Utafika umechoka, utaandika nini?"

"Na nikibaki hapa nitaandika nini?"

Sikuwahi kumjibu Mama hivyo. Nilingoja kofi. Akatazama treni, akatazama saa, akaniachia mkono.

"Usipite chini. Zunguka mkiani. Kimbia."

Nikakimbia. Mwanzoni miguu ilikuwa mizito na kifua kiliwaka, na geti nililiona mbali mno. Nilipolifikia, askari alikuwa ameshashika komeo. Alinipisha huku akinung'unika.

Nilikaa natiririka jasho. Kisha pumzi ikatulia, nikagundua kwamba kwa mara ya kwanza mwaka ule nilikuwa macho. Swali nililisoma mara moja nikalielewa. Nikaandika mpaka tukaambiwa tuweke kalamu chini.

Matokeo yalitoka Ijumaa. Nilifaulu, na Mama akaninunulia samaki wa Ggaba, kule ziwani. Jumatatu Mushagalusa akapiga honi nje kama kawaida. Mama alinitangulia mlangoni, mzigo wake wa sokoni kichwani.

"Huyu hapandi tena," alimwambia. "Atakimbia."

Nilitaka kucheka kwa ushindi.

"Basi panda wewe, Mama Exaucée, kama zamani," Mushagalusa akajibu. "Tangu nianze kumubeba huyu na pesa yako ya boda, unaenda sokoni na mguu, na ule muzigo yote ya vitenge kwa kichwa. Utavunjika shingo."

Mwaka mzima sikujiuliza Mama anafikaje sokoni. Niliona haya hadi masikio yakawaka. Nikamtua mzigo kichwani, nikaufunga kwenye pikipiki kwa kamba ya mpira, nikavuta mara mbili kuhakikisha umekaza.

"Nenda, utachelewa," Mama aliniambia.

Nikasimama pale mpaka walipoondoka, ndipo nikakimbia.