Ghala Lenye Matusi

Begi langu lilikuwa tayari kwenye buti la teksi, na dereva alishaanza kupiga honi, ila mpwa wangu, yule tunayemwita Kiherehere, hatoki. Alisimama nyuma ya kiti cha dada yake, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Dada, bonyeza tu. Basi litatuacha stendi."

Huko alikoitwa kwenye usaili walitaka kuiona kazi yake kabla hajafika. Kazi yenyewe ni programu ya kupanga foleni ya wagonjwa, waliyoiandika hawa wawili kwenye zahanati wanakofanya kazi. Ilitakiwa iwekwe kwenye ghala la wazi mtandaoni, kila mtu aione na kuichukua. Daktari mkuu alisharuhusu. Shida ni kwamba ghala hilo hutunza kila badiliko, nani kalifanya, na maneno aliyoandika alipolifanya. Na hawa walizoea kugombana humo humo.

"Mjomba, sikiliza upuuzi huu," dada mtu akaniambia, akasoma kwenye kompyuta. "'Nimerekebisha foleni. Dada, ukigusa tena hapa nakukata vidole.' Haya, na huu: 'Daktari mkuu kabadili mawazo tena. Kichwa chake feni.'"

"Hilo la feni ni lako," Kiherehere akasema.

"Ndiyo maana nataka kufuta historia yote, niweke programu yenyewe tu."

"Ukifuta nitaonyesha nini? Itaonekana umeandika peke yako, mimi nilikuwa nafagia!"

Kusafisha neno moja moja kungekula siku nzima. Honi ikalia tena. Miguu iliniwasha. Nimekaa nyumba nyingi, hakuna iliyonibana kama sebule ile. Nikazunguka meza, nikamsimamia dada mtu.

"Mwanangu, mambo hayo mimi siyajui. Ila huyu anaondoka sasa hivi. Amua."

Akamtazama mdogo wake juu mpaka chini. "Vaa kiatu, mtu mzima wewe."

Akabonyeza. Ghala likawa wazi, kazi na matusi yake.

Kiherehere alipata kazi, na bado anayo. Daktari mkuu aliyasoma yale ya feni. Dada mtu akahamishiwa dirisha la mapokezi, programu akawa anaishughulikia nyumbani. Zahanati nyingine, mbali sana, iliichukua na inaitumia. Mimi siku ile niliteremka kwenye basi njiani, mahali nisipomjua mtu, nikakaa huko mpaka mvua zilipoisha, kisha nikaondoka.