Kola ya Mnyonya Damu

Haya alinisimulia wifi yangu Faouzia, Ramadhani iliyopita, tukichambua mchele uani kwake Mutsamudu.

Mumewe, Zaïdou, alikuwa fundi wa kudarizi majoho. Miaka ile mamluki wa kizungu walipovishika visiwa vyetu, alivuka kwenda Moroni na joho la Dhoihir, aliyekuwa na ndoa yake kuu, ile ya kumpa mtu cheo mjini, Ijumaa. Bila joho lake, bwana harusi atatembeaje na wakubwa wa mji? Bandarini mzungu mwenye bunduki akalikunjua, akalipenda, akalivaa, akaenda zake.

Zaïdou akamfuata mpaka sinema. Mzungu alikaa mbele kabisa, joho begani. Filamu ilikuwa ya Ulaya, ya mnyonya damu, nyeusi na nyeupe. Kivuli kilipanda ngazi kwanza, vidole virefu, mwenyewe akafuata taratibu.

"Aliyekipanga kivuli hiki ni fundi mwenzangu," Zaïdou akasema. "Anajua pa kuacha weusi utulie."

Katikati ya filamu mnyonya damu akasimama, akalitazama lile joho, akashuka ukumbini. Watu wa nyuma wakampigia kelele ainame, anawaziba.

Baada ya swala ya isha mnyonya damu akapiga hodi kwa Ramlati, dada yake Zaïdou, alikofikia Zaïdou hapo Moroni.

"Karibu, baba, karibu ndani," Ramlati akasema, kama anavyomwambia kila mtu.

"Ahsante. Bila neno hilo sivuki kizingiti."

Akaomba kola yake idariziwe. Kwenye kioo haonekani, kwa hiyo hakujua imechakaa kiasi gani. Zaïdou akatoa uzi wa dhahabu.

"Na meno yote hayo," Ramlati akasema, "si ungemnyonya yule mzungu utuletee joho letu?"

"Nimetoka kwake. Nimepiga hodi mpaka nimechoka. Hakaribishi mtu."

"Atakaribishaje? Nyumba yenyewe si yake. Kaingia bila hodi."

"Mimi hilo siliwezi," mgeni akasema, akainamisha kichwa.

Kola ikaisha, akashukuru, akarudi kwenye filamu yake. Tangu siku hiyo, kila inakoonyeshwa, anapanda ngazi na darizi ya Mutsamudu shingoni.

Dhoihir alioa kwa joho la kuazima. Mzungu aliendelea kulivaa lile la Dhoihir, akinywa kahawa nalo mwilini.

Zaïdou akarudi nyumbani, akala, akajinyoosha kitandani.

"Joho je?" Faouzia akauliza.

"Analo mzungu. Lakini ungeiona ile kola, mke wangu! Imekaa vizuri kuliko shingo yenyewe."

Akalala huku anatabasamu. Faouzia akazima koroboi, naye akalala.